Uyoga Ulioota Bustanini: Ni Kitoweo au Sumu?

Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, asubuhi mwenye nyumba hukuta bustani yake imepata wageni. Jana jioni palikuwa na majani na miche ya sukuma tu. Leo pana vichwa vyeupe vilivyoinua udongo, vingine vimefunguka kama miavuli, vingine vimejificha chini ya ua kama mayai ya kuku. Watoto ndio wa kwanza kuviona. Mama akiwa mzaliwa wa Kakamega au Vihiga, huanza kufikiri habari ya sufuria kabla chai haijanywewa, kwa maana kwao uyoga, ambao Waluhya huuita obwoba, ni kitoweo cha heshima hata mbele ya mgeni. Baba akiwa mtu wa mahali ambapo uyoga haukuliwa tangu zamani, yeye huuona kuwa uchafu wa ardhi, na huamuru upigwe teke. Yawezekana kabisa kwamba wote wawili wamekosea.

Swali la uyoga upi unaliwa na upi unaua ni la zamani sana, lakini limekuwa gumu zaidi tangu watu walipoanza kuishi mbali na kwao. Karani aliyehamishwa kwenda Nairobi, mwalimu aliyepelekwa Nakuru, na mkulima aliyenunua shamba katika nchi ya watu wengine, wote huchukua pamoja nao elimu waliyopewa na bibi zao. Elimu hiyo ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa na mtu kwa kuwa amesoma. Lakini bibi alifundisha habari za udongo wake, vichuguu vyake na miti yake. Mjukuu ameichukua elimu, na udongo ameuacha nyumbani.

UYOGA NI KITU GANI

Uyoga si mmea. Kwa miaka mingi vitabu vya shule viliuweka pamoja na mimea, lakini mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani aitwaye R. H. Whittaker aliipa jamii yote ya kuvu ufalme wake wenyewe, mbali na mimea na mbali na wanyama. Uyoga hauna rangi ya kijani, wala haujitengenezei chakula kwa nuru ya jua. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba mno zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya gogo bovu au ndani ya samadi. Kile kinachochomoza juu ni tunda lake tu, na kuliondoa hakuui kuvu iliyo chini, kama vile kuchuma embe hakuui mwembe. Ndiyo sababu uyoga uliong'olewa leo huota tena mahali pale pale baada ya mvua nyingine.

Kazi ya tunda hilo ni kutoa vumbi laini, ambalo kila chembe yake ni kama mbegu. Mtu akiugeuza uyoga wa kawaida ataona chini ya kofia yake vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Vumbi hutoka katika kurasa hizo. Jambo hili la vumbi lafaa likumbukwe, kwa sababu ndilo litakalomsaidia msomaji kuliko jambo lingine lolote.

RAFIKI WA MCHWA

Uyoga unaopendwa zaidi katika nchi ya magharibi mwa Kenya ni ule wa mchwa, ambao wataalamu huuita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Habari zake ni za ajabu. Mchwa hula majani makavu na vipande vya miti, na kwa mavi yao hujenga ndani ya kichuguu kitu kama sega la nyuki. Juu ya sega hilo huotesha kuvu, na kuvu hiyo huyeyusha miti na majani magumu mpaka yakawa chakula laini kwa mchwa. Basi mchwa ni wakulima, tena walianza kulima mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu kushika jembe. Mvua zikifika, kuvu iliyo ndani ya kichuguu hupeleka tunda lake juu mpaka nje. Katika Zambia iko aina moja ambayo kofia yake yaweza kufika upana wa mita moja. Wataalamu waliiandika mwaka 1980, ingawa wenyeji walikuwa wakiila zamani bila kungoja kuandikiwa.

Uyoga huu una alama ambazo bibi yeyote wa Vihiga anazijua. Akiletewa kikapu, haangalii rangi kwanza. Huuliza, "Mmeutoa wapi, wajukuu wangu?" Wakimjibu kwamba umetoka kwenye kichuguu fulani, hutafuta mzizi. Uyoga wa mchwa ulio mkubwa una shina linaloendelea chini ya ardhi, likizidi kuwa jembamba, kama mkia mrefu unaoshuka mpaka kwenye sega la mchwa. Katikati ya kofia pana ncha iliyochongoka, ambayo ndiyo iliyotoboa udongo. Kurasa zake ni nyeupe au za rangi ya maziwa, kisha huelekea rangi ya waridi, na vumbi lake ni la rangi ya waridi. Aina yake ndogo, ile inayotokea kwa mamia kama mchele uliomwagika, haina mkia mrefu, kwa sababu huota katika vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Lakini nayo huonekana palipo na mchwa, tena kwa wingi huo huo.

Angalia kwamba bibi hakutumia alama moja. Alitumia mahali, mzizi, ncha, kurasa na wingi, vyote pamoja. Mjukuu aliye mjini mara nyingi hukumbuka jambo moja tu: kwamba uyoga wa nyumbani ulikuwa mweupe na mkubwa.

YULE ANAYEFANANA NAYE

Katika viwanja vya majani, kando ya barabara za mitaa, na katika bustani zenye mbolea nyingi, huota uyoga mkubwa wenye kofia nyeupe iliyo na magamba ya rangi ya kahawia, mengi zaidi katikati. Kofia yake yaweza kuwa pana kama sahani. Shina lina pete ambayo mara nyingi husogezwa juu na chini kama pete ya kidoleni. Pengine huota kwa duara kubwa, hata watoto hudhani umepandwa na mtu. Huvutia macho, hunukia vizuri, na ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe safi. Jina lake la kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites, na umeenea katika nchi nyingi zenye joto, Afrika Mashariki ikiwamo.

Huu una sumu. Kwa kawaida haumwui mtu mzima mwenye afya, lakini baada ya saa moja mpaka tatu humtapisha na kumharisha vibaya sana, wakati mwingine mpaka damu, na mtoto mdogo aweza kupungukiwa na maji mwilini mpaka akawa katika hatari kubwa. Katika Marekani uyoga huu hutajwa miongoni mwa ile inayodhuru watu mara nyingi kuliko yote, nayo si ajabu, maana huota mlangoni pa mtu.

Basi utatofautishwaje? Ukichimbwa hauna mkia mrefu; shina huishia kwa uvimbe kama kitunguu. Kofia haina ncha ngumu ya kutoboa udongo. Lakini ushahidi usio na ubishi ni vumbi lake. Uyoga huu hutoa vumbi la rangi ya kijani, na ni mara chache mno kupata uyoga mwingine mkubwa wenye vumbi la rangi hiyo. Ukikomaa, hata kurasa zenyewe hugeuka kuwa za kijani-kijivu. Ubaya ni kwamba watu huuchuma kabla ya hapo, ungali mzuri.

KUPIGA CHAPA YA VUMBI

Kazi hii haitaki mashine wala fedha, na mtoto wa shule aweza kuifanya. Chukua uyoga uliofunguka, ukate shina karibu na kofia. Weka kofia juu ya karatasi, kurasa zikiangalia chini. Karatasi ikiwa nusu nyeupe na nusu nyeusi ni bora zaidi, kwa kuwa vumbi jeupe halionekani juu ya karatasi nyeupe. Funika kwa bakuli ili upepo usipeperushe, uache mpaka asubuhi. Utakapoinua kofia utakuta vumbi limechora picha ya kurasa zote, kama muhuri wa ofisi, na rangi yake itaonekana wazi.

Rangi ya waridi, kijani, nyeupe, kahawia au nyeusi: kila moja hufunga milango mingine na kufungua michache. Uyoga wa malishoni, ndugu wa ule uuzwao dukani katika vikasha, una kurasa za waridi zinazogeuka kuwa rangi ya kahawia iliyoiva, na vumbi lake ni la kahawia nzito. Hata hapo pana ndugu mbaya: ukimkwaruza chini ya shina hugeuka manjano mara moja, na akipikwa hutoa harufu kama ya dawa ya kusafishia choo. Huyo huumiza tumbo.

Chapa ya vumbi haimwambii mtu "kula". Humwambia "huu sio ule uliodhani", na kwa watu wengi neno hilo moja lingetosha kuwaokoa.

MAJARIBIO YASIYO NA MAANA

Hapa yapasa kusemwa mambo ambayo wengine hawatayapenda. Ipo desturi ya kuchemsha uyoga pamoja na sarafu au kijiko cha fedha, na kama hakikugeuka cheusi basi watu hula. Desturi hiyo ni ya uongo. Sumu kali kuliko zote haigeuzi fedha rangi. Wengine hutia chumvi, wengine vitunguu, wengine huangalia kama konokono au mabuu wameula. Konokono aweza kula uyoga unaomwua mtu na asipate neno lolote, maana tumbo lake si la mtu. Wengine husema uyoga mweupe ni salama na wa rangi kali ni mbaya, hali baadhi ya ile inayoua ni myeupe kama karatasi. Wengine huukausha juani au kumwaga maji ya kwanza. Sumu ya uyoga wa kifo haiondoki kwa moto, wala kwa jua, wala kwa kumwaga maji.

Tena wako wanaoogopa hata kuushika. Woga huo nao hauna msingi. Sumu huingia kwa kuliwa. Mtu aweza kuuchimba, kuukata na kuuchunguza kwa mikono yake, kisha akanawa.

KIKOMBE KILICHO CHINI YA UDONGO

Uyoga wa kifo, Amanita phalloides, asili yake ni Ulaya. Ulifika Afrika ya Kusini pamoja na mialoni iliyopandwa huko na wageni, kwa sababu nyuzi zake huishi zikiwa zimeshikamana na mizizi ya miti hiyo. Ndugu yake mwenye kofia nyekundu na madoa meupe, ambaye huharibu akili ya mtu kwa saa nyingi, amefika Afrika Mashariki kwa njia hiyo hiyo, pamoja na misonobari. Msitu wa miti ya kigeni una uyoga wa kigeni, na mafundisho ya wazee wa hapa hayakuwahi kuutaja.

Jamaa hii ya Amanita hutambulikana kwa kuchimba. Wengi wao huanza wakiwa kama yai lililofunikwa na ngozi nyeupe. Yai likipasuka, ngozi hubaki chini kama kikombe au mfuko unaozunguka mwisho wa shina, tena mara nyingi umezama kabisa udongoni. Juu pana pete, kurasa ni nyeupe, na vumbi ni jeupe. Mtu anayekata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi huacha kikombe udongoni, na pamoja nacho huacha onyo lake. Kwa hiyo uyoga usiojulikana sharti uchimbwe wote.

Lakini hata kikombe si sheria ya kila mahali. Katika misitu ya miombo ya Zambia na Tanzania watu hula kwa furaha baadhi ya uyoga wenye kikombe wa jamaa hii hii, nao huuzwa kando ya barabara. Wanaujua mmoja mmoja. Mgeni akiwaona wakila, akarudi kwao na kuchuma wowote wenye kikombe, atakufa kwa kuiga. Mambo kama hayo yamekwisha kutokea kwingine. Katika California watu waliohamia kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walikula uyoga wa kifo wakidhani ni ule wa mashina ya mpunga waliouzoea kwao. Mwaka 2015 huko Ujerumani, wakimbizi, wengi wao kutoka Siria, walifikishwa hospitalini kwa sababu ya uyoga huo huo, na baadhi yao walikufa. Hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na elimu ya nchi nyingine.

WENGINE WA BUSTANINI

Palipo na samadi huota uyoga mwembamba ambao hauishi hata siku mbili. Kofia yake huyeyuka ikawa maji meusi kama wino. Mwingi katika huo ni mdogo mno kuwa kitoweo. Katika Ulaya unajulikana mmoja wa jamaa hiyo ambao huliwa bila madhara, lakini mlaji akinywa pombe siku hiyo au siku inayofuata, uso humwaka moto na moyo humpiga kwa nguvu. Mke anayetaka mume aache pombe asijaribu dawa hii.

Mipira myeupe isiyo na shina yapasa ipasuliwe katikati toka juu hadi chini. Ikiwa ndani ni nyeupe tupu kama maziwa ya mgando, bila mchoro wowote, ni jamaa moja. Ikiwa ndani pameanza kuwa peusi, au ganda ni gumu na nene, kama ile inayopatikana chini ya mikaratusi, itupwe. Ikionekana picha ya kofia na kurasa iliyojikunja ndani, hilo ni yai la Amanita, na kazi ya sufuria imekwisha.

Mwenye kahawa au chai ana sababu nyingine ya kuangalia. Mti ukinyauka wenyewe bila kiangazi, na chini ya gome karibu na mizizi pakaonekana utando mweupe wenye harufu kali ya uyoga, huo ni ugonjwa wa mizizi uitwao Armillaria, ambao huishi katika visiki vya msitu wa zamani na kupita kutoka mzizi hadi mzizi. Pengine hutoa vishada vya uyoga wa rangi ya asali kwenye kisiki, pengine hautoi kabisa. Dawa ni kung'oa kisiki na mizizi yake yote. Wanaofyeka msitu mpya hushauriwa kumenya gome la mti kwa kuuzunguka, na kuuacha ufe umesimama kabla ya kuukata, ili mizizi iishiwe na chakula. Njia hiyo ilijaribiwa Nyasaland, yaani Malawi ya sasa, katika miaka ya 1930.

Uyoga mwingine wote uliomo bustanini, ule usiokusudiwa kuliwa, waachwe ufanye kazi yake ya kuozesha majani makavu. Isipokuwa kama nyumbani mna mtoto anayetambaa. Hapo ung'olewe kila asubuhi, kwa kuwa mtoto huyo hapigi chapa ya vumbi.

MTU AKIISHA KULA

Saa ndiyo shahidi mkubwa. Anayetapika baada ya saa moja au mbili huteseka sana, lakini mara nyingi hupona akipewa maji mwilini kwa wakati. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayekaa vizuri saa 6, saa 12, pengine karibu siku nzima, ndipo anaanza kutapika na kuhara. Hali hiyo ni ya uyoga wa kifo. Kisha siku ya pili hupata nafuu, huomba uji, na jamaa humshukuru Mungu. Kumbe wakati huo sumu inaharibu ini na mafigo, na siku ya tatu au ya nne macho hugeuka manjano. Nafuu hiyo imewadanganya wengi wakamtoa mgonjwa kitandani. Wala kutapika mapema si hakikisho, kwa kuwa katika sufuria moja mlikuwa na uyoga wa namna mbili.

Basi asingojewe mtu aumwe. Wote waliokula sufuria ile wapelekwe hospitalini mara moja, hata wale wanaosema hawajambo, na daktari aambiwe saa waliyokula na saa ugonjwa ulipoanza. Uyoga uliobaki, ukiwa mbichi au umepikwa, na hata maganda yaliyotupwa jalalani, ufungwe katika karatasi na kupelekwa pamoja nao. Mfuko wa plastiki huuozesha. Kama hakuna uliobaki, mtu mmoja arudi bustanini na jembe achimbe mwingine pale pale, pamoja na shina lake lote na udongo ulioshikamana nalo.